Zizi Si Mali ya Fahali



Mwezi wa Machi mwaka 2025 serikali ya kijeshi ya Sudan ilipiga marufuku bidhaa zote zitokazo Kenya. Katika bidhaa hizo, iliyo kubwa kwetu ni moja: chai. Makontena yaliyokuwa njiani yalizuiwa, na wafanya biashara waliozoea kununua chai mnadani Mombasa kwa ajili ya soko la Sudan wakarudi nyuma. Hapa Nyacheki hakuna aliyepigwa risasi. Lakini majani tunayochuma katika miteremko hii ya Bobasi, yakapimwa kituoni na kupakiwa lori kwenda kiwandani, hugeuka fedha kwa kupata mnunuzi ng'ambo, na Sudan kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya.

Hatutaki kumdanganya mwanachama yeyote. Bonasi ya mwaka 2025 ilipungua katika viwanda vingi vya KTDA upande huu wa magharibi ya Bonde la Ufa, na Sudan peke yake haikuipunguza. Kuna nguvu ya shilingi mbele ya dola, kuna chai iliyolala maghalani bila kununuliwa, na kuna hesabu za viwanda ambazo wakulima wana haki ya kuziuliza. Lakini mnunuzi mmoja mkubwa akiondoka mnadani, bei haipandi. Na bei isipopanda, wa kwanza kukatwa ni kibarua anayelipwa kwa kilo.

Basi wako wanaouliza, "Sisi na Sudan tumegombania nini?" Jibu ni kwamba mfanyakazi wa Nyacheki na mfanyakazi wa Khartoum hawajagombana hata siku moja. Waliogombana ni majenerali wawili walioinyang'anya nchi serikali yake wakiwa pamoja, kisha wakashindwa kugawana. Na serikali yetu ya Nairobi ikamfungulia mmoja wao mlango. Habari hii yatupasa kuijua vizuri, kwa sababu siku hizi hata hapa sokoni, katika vibanda vya chai, kuna vijana na wazee pia wasemao kwamba dawa ya wanasiasa ni jeshi.

WALIVYOUNGANA NA WALIVYOACHANA

Wa kwanza ni Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, mkuu wa jeshi la Sudan. Wa pili ni Mohamed Hamdan Dagalo, ambaye watu humwita Hemedti. Huyu wa pili alianza kwa biashara ya ngamia huko Darfur, akapanda kuwa kiongozi katika wale wapanda farasi wenye silaha walioitwa Janjaweed, ambao Rais Omar al-Bashir aliwatumia kuchoma vijiji katika vita vilivyoanza mwaka 2003. Mwaka 2013 watu hao walikusanywa wakafanywa kikosi kiitwacho RSF, wakapewa sare na mshahara. Bashir alitaka kikosi hicho kimlinde asipinduliwe na jeshi lake mwenyewe. Alifuga mbwa wawili ili mmoja amchunge mwenziwe. Siku alipoishiwa na mfupa, wote wawili wakamgeukia.

Siku hiyo ililetwa na watu wa kazi. Desemba 2018 bei ya mkate ilipanda mara tatu, na watu wa Atbara, mji wa reli, wakatoka barabarani. Chama cha Wanataaluma wa Sudan, ndani yake madaktari, walimu, wahandisi na wanasheria, kikashika uongozi wa maandamano. Tarehe 11 Aprili 2019 majenerali walimwondoa Bashir wakasema wao ndio wakombozi. Jenerali wa kwanza aliyekalia kiti, Awad Ibn Auf, alikaa siku moja tu. Watu walimkataa, na siku ya pili akaja Burhan. Hemedti akawa makamu wake.

Tarehe 3 Juni 2019 wenye silaha waliwavamia raia waliokuwa wameketi mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum, na zaidi ya watu 100 waliuawa. Wafanyakazi wakajibu kwa mgomo wa nchi nzima kuanzia tarehe 9 Juni, siku tatu. Maduka yalifungwa na ofisi zikabaki tupu. Bunduki haikuweza kumlazimisha daktari kutibu wala karani kuandika. Majenerali wakarudi mezani, na Agosti 2019 ikakubaliwa kwamba raia na askari watawale pamoja kwa muda, kisha uchaguzi. Abdalla Hamdok, mtu wa uchumi, akawa Waziri Mkuu.

Sasa hapa, ndugu, ndipo penye fundo la habari yote. Waziri Mkuu alikuwa na ofisi. Wenye bunduki walikuwa na mali. Jeshi lilikuwa na makampuni yake, na Hemedti alikuwa na biashara yake ya dhahabu. Hamdok alilalamika hadharani mwaka 2020 kwamba sehemu kubwa ya mapato ya taifa haifiki katika wizara ya fedha. Serikali isiyoshika fedha wala silaha ni mgeni katika nyumba ya mtu. Wiki chache kabla ya uenyekiti kupewa raia, tarehe 25 Oktoba 2021, Burhan na Hemedti waliipindua serikali hiyo, wakamshika Hamdok na mawaziri wake. Siku hiyo walikuwa ndugu.

Undugu wa namna hiyo hauna maisha marefu. Walipobanwa warudishe utawala kwa raia, swali likawa hili: RSF iingizwe lini katika jeshi, na nani amwamrishe nani? Upande wa jeshi ulitaka miaka 2. Upande wa Hemedti ulitaka miaka 10. Hawakuulizana juu ya bei ya mkate, wala mshahara wa mwalimu, wala dawa za hospitali. Tarehe 15 Aprili 2023, watu wakiwa katika mfungo wa Ramadhani, mizinga ikaanza kulia katikati ya Khartoum.

Wazee wetu husema fahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli. Lakini mithali hiyo haijasema zizi ni la nani. Aliyekata miti, akachimba mashimo na kufunga fito hakuwa fahali. Na fahali wakipigana, uzio ndio uvunjikao kwanza.

YALIYOWAPATA WATU WA KAZI

Khartoum ilikuwa na akina mama wauza chai. Utamkuta mama kando ya barabara na jiko lake la makaa, birika, glasi, na vijiti vya kukalia wateja. Chai waliyoipika wengi wao ilitoka huku kwetu Afrika Mashariki. Polisi walikuwa wakiwafukuza na kuwanyang'anya vyombo, mpaka Bibi Awadeya Mahmoud Koko, mwenyewe muuza chai, akawaunganisha katika ushirika wao. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya kimataifa ya wanawake mashujaa mwaka 2016, iliyotolewa na serikali ya Marekani. Hao ndio wenzetu hasa. Mchumaji wa Nyacheki yuko upande huu wa kikombe, na mama wa Khartoum yuko upande ule. Vita vilipoingia mjini, barabara walizouzia ziligeuka viwanja vya mapigano. Marufuku ya Machi 2025 ilikuja kumalizia: ikamfungia mchumaji soko na mpikaji majani, kwa karatasi moja.

Nendeni Gezira. Huko kuna shamba la umwagiliaji maji, kubwa kuliko tunavyoweza kulifikiria sisi wenye robo eka, lililoanzishwa na Waingereza mwaka 1925 kwa ajili ya pamba. Desemba 2023 RSF waliuteka mji wa Wad Madani ulio katika jimbo hilo, na jeshi likaurudisha Januari 2025. Katikati ya tarehe hizo mbili vijiji viliporwa, matrekta yakachukuliwa, wakulima wakakimbia. Nendeni Darfur. Agosti 2024 wataalamu walitangaza njaa kuu katika kambi ya Zamzam. Mji wa El Fasher ulizingirwa zaidi ya siku 500, na RSF walipouingia tarehe 26 Oktoba 2025 waliwaua raia hata hospitalini. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu milioni 12 waliong'olewa makwao na vita hivi, ndani ya nchi na nje yake. Jeshi nalo halina mikono safi. Ndege zake zimeangusha mabomu juu ya masoko yenye watu. Marekani iliwawekea vikwazo wote wawili katika mwezi mmoja, Januari 2025. Asije mtu akatuambia kuna jenerali wa wanyonge katika ugomvi huu.

Hili si mara ya kwanza. Kila mwanachama wa chama cha wafanyakazi Afrika angepaswa kulijua jina la Al-Shafi Ahmed al-Sheikh. Alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Sudan. Mwaka 1964 mgomo mkuu ulimwangusha Jenerali Ibrahim Abboud, aliyekuwa ametawala tangu 1958 na kuvunja vyama vya wafanyakazi. Mei 1969 akaja afisa mwingine, Jaafar Nimeiri, akisema yeye ni rafiki wa wafanyakazi, na viongozi wengi wa vyama wakampokea kwa furaha. Baadaye wakubwa wa baraza lake la kijeshi wakagombana. Julai 1971 Meja Hashem al-Atta, aliyekuwa amefukuzwa katika baraza hilo, alimpindua Nimeiri kwa siku 3. Nimeiri aliporudi alilipa kisasi. Maafisa waliuawa kwa risasi, na Al-Shafi, mtu wa vyama, akanyongwa.

Hapo kuna funzo la bei kubwa. Chama kikimwegemea fahali mmoja kwa sababu leo anatutazama kwa jicho jema, siku fahali yule akigeuka au akianguka, chama huangukiwa. Mwaka 1985 mgomo ukamwangusha Nimeiri mwenyewe. Mwaka 1989 Bashir akapindua serikali iliyochaguliwa, akavunja vyama tena. Mwaka 2019 watu wakamwondoa Bashir. Hesabuni wenyewe: mara tatu wafanyakazi wa Sudan walishiriki kuwaondoa madikteta watatu kwa mikono mitupu, na mara tatu utawala ukaponyoka ukarudi kwa wenye sare. Mgomo ulitosha kumwondoa mtu. Haukutosha kuiondoa mali ya nchi katika mikono ya wenye bunduki. Mpaka fedha zote zipite katika hazina moja inayokaguliwa na wananchi, na askari wote wawe chini ya amri moja inayojibu kwa wananchi, atakayeondoka ataacha kiti kikiwa na moto, na mwingine atakikalia.

MLANGO WA NAIROBI

Sasa turudi kwetu. Februari 2025 watu wa RSF na washirika wao walikusanyika Nairobi, wakatia sahihi mkataba wa kuunda serikali yao ya pembeni. Serikali ya Kenya ilisema inatoa nafasi ya mazungumzo ya amani. Serikali ya Burhan ikasema Kenya imechukua upande wa adui, na wiki chache baadaye ikaja ile marufuku.

Sisi hatupingi Kenya kuwa mahali pa amani. Tena tunajivunia. Mazungumzo yaliyoanza Machakos mwaka 2002, yakaenda Naivasha, yakamalizika kwa mkataba uliotiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, yalikomesha vita virefu vya kaskazini na kusini mwa Sudan. Lakini mezani pale walikaa pande zote mbili. Ukimwita mke peke yake, au mume peke yake, ukampa karatasi ya kuandika nyumba mpya, hiyo haiitwi kusuluhisha. Wazee wa ukoo wowote hapa Gusii wangekwambia hivyo bila kwenda shule.

Tena twauliza: nani aliulizwa? Mkulima wa chai hakuulizwa. Mfanyakazi wa kiwanda hakuulizwa. Dereva wa lori la majani hakuulizwa. Mambo ya nje huitwa mambo ya wakubwa mpaka siku ya kulipa, ndipo yanapokuwa mambo ya kila mtu.

WANAOTAMANI JESHI

Tunajua kwa nini watu husema, "Afadhali jeshi." Wameona wizi wa fedha za umma, wameona kodi juu ya kodi, wameona vijana wengi wakiuawa katika maandamano ya Juni 2024. Hasira hiyo ni ya haki. Wengine wanamtaja Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso, kwa kuwa anasema maneno ya ujasiri juu ya Ufaransa. Sisi hatukuja kupima moyo wa mtu, tunahesabu tu. Januari 2022 jeshi la Burkina Faso lilimpindua rais aliyechaguliwa. Septemba mwaka ule ule Traoré akampindua mwanajeshi mwenziwe, Damiba. Uchaguzi ulioahidiwa mwaka 2024 ukaahirishwa kwa miaka 5. Mtu aliyefungua mlango kwa kuuvunja hawezi kumzuia wa nyuma yake asivunje pia.

Majirani zetu wa Uganda walicheza ngoma barabarani Kampala Januari 1971, Idi Amin alipompindua Obote. Tunajua walichokuwa wakikilia kabla ya mwaka 1979. Na sisi wenyewe tulionja kidogo. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa jeshi la anga walishika redio wakatangaza kwamba wameitwaa serikali. Kabla ya siku kwisha walikuwa wameshindwa. Watu wengi walikufa, maduka yaliporwa, wanawake walitendewa unyama, na baada ya hapo uhuru wa kusema haukuongezeka: ulibanwa zaidi kwa miaka mingi.

Lakini angalieni pia yale ambayo mikono mitupu iliweza. Ni hapa hapa Kenya, Juni 2024, ambapo Mswada wa Fedha ulirudishwa na vijana wasiokuwa na kitu isipokuwa bendera na chupa ya maji. Hawakuomba jenerali awasaidie. Bei waliyoilipa ilikuwa kubwa mno, na waliowaua wangali na deni kwa taifa. Lakini walichokipata hakikuwa zawadi ya askari, kwa hivyo hakuna askari awezaye kuja kukidai.

LA KUFANYA

Ndugu Wanachama, maneno bila kazi ni moshi. Twapendekeza mambo manne yajadiliwe katika mikutano ya matawi.

Kwanza, halmashauri kuu ya chama iombwe kuidai serikali ya Kenya isimkaribishe jenerali mmoja akimwacha mwingine, na uamuzi wowote wa nchi za nje unaogusa soko la chai uelezwe kwa vyama vya wakulima na wafanyakazi kabla, si baada.

Pili, mtu wa Sudan tukikutana naye, awe mkimbizi, mwanafunzi au mfanya biashara, asitazamwe kama adui aliyetufungia soko. Yeye amepoteza nyumba katika ugomvi ule ule uliotupotezea sisi shilingi. Vyama vyetu vinaweza kuwaandikia wenzao wa Sudan waliotawanyika, wajue kwamba hawakusahauliwa.

Tatu, tuache kumtafuta mwokozi mwenye sare. Tukiwa na hasira, tuilete hasira mkutanoni, tupige kura, ikibidi, tugome kwa taratibu. Njia hiyo ni ndefu, lakini ndiyo njia ambayo mwisho wake sisi wenyewe tunaushika.

Nne, na hili litawachoma wengine, tuangalie nyumba yetu. Mapinduzi hayafanywi na vifaru peke yake. Mwenyekiti wa tawi anayeahirisha uchaguzi mwaka baada ya mwaka, anayefungia muhuri sandukuni kwake na kuficha daftari la fedha, huyo ni Burhan mdogo. Na katibu anayekusanya vijana wake ili amtoe mwenyekiti kwa fujo, kwa sababu hajagawiwa, huyo ni Hemedti mdogo. Tawi la namna hiyo likivunjika, mwenye shamba au mwenye kiwanda hufurahi, na kibarua hubaki bila mtetezi. Kwa hivyo uchaguzi wa tawi ufanyike kwa wakati wake, na hesabu ya ada isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, mpaka senti ya mwisho. Mtu aliyezoea kuuliza hesabu katika tawi lake hatashindwa kuiuliza kiwandani, wala Nairobi.

Wafanyakazi wa Sudan wamefundisha Afrika kwamba bunduki haiwezi kuchuma pamba wala kuendesha gari la moshi. Wametufundisha pia, kwa damu yao, kwamba haitoshi kumfukuza fahali zizini kisha ukaenda kulala. Mlango ufungwe, na funguo ziwe kwa wenye zizi.

Umoja ni Nguvu.

MHARIRI